Baada ya Kutoka Wodini: Msaada wa Muda Mrefu kwa Waliopatwa na Kiharusi na Wauguzaji Wao Katika Kaunti ya Kwale

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu umepasuka na damu ikavujia ubongoni, na matokeo yake, ambayo wengi hueleza kwa kusema kuwa fulani amepooza upande, huonekana katika mkono na mguu wa upande mmoja, katika uso uliopinda na, kwa baadhi ya wagonjwa, katika usemi. Msiba wenyewe huja kwa dakika chache, lakini kazi inayoufuata ni ya miaka, nayo haifanyiki Msambweni hospitalini bali nyumbani, na aghalabu huangukia mke, binti au mkaza mwana ambaye hakuna aliyemuuliza kama ataiweza. Hoja ya mada hii ni kwamba mtu huyo, anayeitwa hapa muuguzaji ili atofautishwe na muuguzi aliyesomea kazi na kulipwa mshahara, anastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya huduma ya afya ya kaunti, na kwamba kumfundisha mara moja kando ya kitanda cha wodi hakutoshi.

Ukubwa wa jambo hili katika ukanda wetu unajulikana zaidi kupitia utafiti wa Tanzania ulioongozwa na Richard Walker kati ya 2003 na 2006, ambao, baada ya kusawazisha tofauti za umri, ulikuta visa vipya takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika wilaya ya Hai, na takribani 316 jijini Dar es Salaam. Kwale, yenye watu 866,820 kwa sensa ya 2019, ina maisha ya namna zote mbili, kwa kuwa Ukunda na Diani zinakua kama miji ilhali Kinango ingali mashamba na mifugo. Presha, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, ilipatikana kwa karibu robo ya watu wazima katika uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Mafunzo kwa familia ndiyo dawa inayopendekezwa upesi pale wataalamu wanapokuwa wachache, lakini ushahidi unataka uangalifu. Jaribio la ATTEND, lililohusisha wagonjwa 1,250 katika vituo 14 vya India na kuchapishwa 2017, liliwafundisha jamaa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi, kisha baada ya miezi 6 likakuta kwamba waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi lililofundishwa, sawasawa na kundi lisilofundishwa. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2013, ambapo wauguzaji walipewa mafunzo wodini, nalo halikuonyesha tofauti. Kusoma matokeo hayo kama uthibitisho kwamba familia haina faida ni kosa. Kinachoelekea kuwa sahihi zaidi ni kwamba somo fupi, hata likiwa zuri, haliwezi kushika nafasi ya mtu anayerudi kubisha hodi mwezi wa nne, wa kumi na wa ishirini.

Miezi hiyo ndiyo migumu. Wiki za mwanzo nyumba hujaa watu wa kumjulia hali mgonjwa, kisha hupungua, na muuguzaji hubaki na kazi ya kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, ya kumlisha akiwa amekaa wima asije akapaliwa, na ya kumwinua bila kuuvuta mkono uliopooza, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa sakafu ya saruji hukwama katika mchanga wa vijia vya Diani, na choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mtu wa mguu mmoja wenye nguvu, ingawa fundi seremala wa mtaani aweza kutengeneza kiti cha choo chenye tundu na vyuma viwili vya kushikia ukutani kwa gharama ndogo kuliko safari chache za gari la kukodi hadi Mombasa. Mgonjwa mwenye afasia, yaani kupotewa na uwezo wa kusema au kuelewa maneno baada ya ubongo kudhurika, mara nyingi hudhaniwa kuwa amerukwa na akili au ameingiwa na jini, akazungumziwa mbele yake kana kwamba hayupo. Ibada, kwa upande mwingine, ni hazina ambayo wataalamu huipuuza: kujitia udhu kwa kuuosha mkono dhaifu kwa ule mzima ni zoezi ambalo mgonjwa Mwislamu hahitaji kubembelezwa alifanye, na sharia inamruhusu kuswali akiwa amekaa.

Muuguzaji naye huumwa. Mgongo wake huchoka, usingizi hukatika, biashara ya mahamri au viazi vya karai hufungwa, na presha yake mwenyewe haipimwi.

Nyenzo za kuanzia zipo. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mpango wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote. Na APDK, chama cha kuwasaidia wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, kina tawi Mombasa linaloshughulikia vifaa vya kujimudu. Kinachokosekana ni kamba ya kuziunganisha, kwani mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani hupewa kadi ya kliniki, wala jina lake halifiki kwa mhamasishaji wa kijiji chake.

Idara ya Afya ya Kaunti inaombwa, kabla ya kujenga lolote jipya, ianzishe daftari katika kila kitengo cha afya ya jamii litakaloandikwa majina mawili kwa kila kiharusi, la mgonjwa na la muuguzaji wake, na wote wawili wapimwe presha katika kila ziara.