Uhandisi Ujenzi: Kazi Inayofunikwa na Zege

Mada kwa wanafunzi wa kidato cha sita



Wengi wenu mmevutwa na vinavyoonekana: daraja la Kigongo–Busisi lililovuka ghuba ya Ziwa Victoria kwa kilometa 3 na ushei, reli ya kisasa, maghorofa ya Kariakoo. Si sababu mbaya. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii iko kwenye vitu ambavyo vikishafunikwa havionekani tena: udongo chini ya msingi, nondo ndani ya nguzo, maji ndani ya zege.

Nilieleze hilo la maji. Siku ya kumwaga zege, vibarua hupenda liwe jepesi, maana zege zito huchosha mikono. Mtu anachukua ndoo, anaongeza maji. Zege linateleza vizuri, na siku hiyo hakuna anayeona tofauti. Ila maji yaliyozidi yakishakauka huacha vitundu, na nguvu inashuka. Ndiyo maana mhandisi hujaza zege kwenye visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande, kisha vile vipande hulowekwa majini na kuvunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Mara nyingi kufikia siku ya 28 ghorofa linalofuata limeshaanza. Kwa hiyo wa kuizuia ile ndoo ni mhandisi aliyesimama pale pale, pengine kijana wa miaka 25, mbele ya fundi mwenye umri wa baba yake na tajiri mwenye haraka.

Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, watu wakiwa ndani. Majengo hayaanguki kwa sababu moja, lakini kila likianguka tunauliza: nani alikuwa akisimamia?

Hesabu mnayoiogopa siiweki mbele. Aliyefaulu vizuri Fizikia na Hesabu ataimudu miaka minne ya shahada, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Baada ya hapo, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikutambui kuwa mhandisi mtaalamu mpaka upate uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Miaka hiyo mshahara huwa mdogo na kambi ziko mbali na mji. Wazazi waambiwe mapema.

Likizo hii ombeni ruhusa kwenye saiti ya jirani. Kaeni na anayekagua nondo na ringi, msubiri mpaka zege limwagwe, mwangalie nani anathubutu kusema hapana. Ukitoka hapo bado unataka kujua kwa nini nondo imekaa upande wa chini ndani ya boriti na si katikati, omba nafasi bila wasiwasi.

Na wenye ufaulu wa wastani msijione mmeachwa. Stashahada ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha humtoa fundi sanifu anayeijua saiti kabla ya kuifikia shahada, na baadhi ya wahandisi hodari niliofanya nao kazi walipita njia hiyo.