Uainishaji wa Kasoro za Kuzaliwa za Sehemu ya Mbele ya Jicho: Kutoka Majina ya Madaktari hadi Tishu na Jeni

Kasoro za ukuaji wa sehemu ya mbele ya jicho hutokea mimba ikiwa bado changa, pale ambapo konea, yaani kioo angavu kinachofunika jicho kwa mbele, irisi, yaani duara lenye rangi linalozunguka mboni, lenzi, pamoja na pembe inayopitishia maji ya jicho kwenda nje, vinashindwa kutengana au kukomaa inavyopasa. Kasoro hizi ni adimu, lakini mtoto anayezaliwa nazo ana miaka michache tu ya mwanzo ambamo ubongo wake hujifunza kuona, na jina linaloandikwa kwenye jalada lake siku ya kwanza mara nyingi ndilo linaloamua ni kipi kitachunguzwa na kipi kitaachwa. Mada hii inashikilia kwamba uainishaji unaomfaa mtoto huyo huanza na hali ya kila tishu, kisha ndipo jeni na majina ya wagunduzi yafuate.

Majina hayo yalitangulia ufahamu. Mwaka 1906 Albert Peters wa Ujerumani alieleza macho yenye doa jeupe katikati ya konea, yakiwa na nyuzi za irisi zilizong'ang'ania ukingo wa doa hilo. Mwaka 1920 Theodor Axenfeld alieleza mstari mweupe ulio karibu na ukingo wa konea, unaoitwa embriotoksoni ya nyuma, ukiwa umeshikwa na nyuzi za irisi. Na katika miaka ya 1930 Herwigh Rieger wa Austria akaeleza macho ya namna hiyo ambayo irisi yake ilikuwa imesinyaa na mboni kuhama mahali pake. Kila hali ilichukuliwa kuwa ugonjwa wa peke yake, ingawa katika familia moja ndugu wawili waliweza kuwa na sura mbili tofauti.

Jaribio la kuziunganisha lilikuja mwaka 1966, Reese na Ellsworth walipoziweka chini ya jina moja wakiamini kwamba chemba ya mbele, yaani nafasi iliyo kati ya konea na irisi, huumbika kwa tishu kupasuka na kuachana, na mwaka 1975 Waring na wenzake wakazipanga kama ngazi, kuanzia kasoro ndogo za pembezoni hadi zile nzito za katikati ya konea. Ngazi hiyo ilisaidia sana katika kueleza maumbile, lakini ilidokeza kwamba kasoro moja hupanda hadi kuwa nyingine, jambo ambalo si kweli. Wakati huohuo tafiti za viinitete vya ndege zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tishu hizi haitokani na mesodemu, yaani tabaka la kati la kiinitete, kama ilivyodhaniwa, bali hutokana na seli zinazohama kutoka ushungi wa neva, yaani ukingo wa mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo. Seli za chanzo hicho hujenga pia sehemu za uso na meno, na ndiyo maana mwaka 1983 Shields alipounganisha kasoro za Axenfeld na za Rieger kuwa sindromu moja, meno machache yenye umbo la kigingi yalikuwa na nafasi yake katika maelezo.

Ugunduzi wa jeni haukuleta ulinganifu uliotarajiwa. PITX2 na FOXC1 huhusishwa na sindromu ya Axenfeld na Rieger, na PAX6 na aniridia, yaani kukosekana kwa irisi yote au sehemu yake kubwa, lakini kila moja kati ya jeni hizo imewahi kukutwa pia kwa watoto wenye kasoro ya Peters. Kwa hiyo anayeainisha kwa jeni peke yake huweka macho yasiyofanana katika kapu moja, na anayeainisha kwa sura peke yake hukusanya pamoja magonjwa yenye urithi tofauti.

Mfano wa mtoto mchanga mwenye konea nyeupe unadhihirisha jambo hili. Weupe wa mtoto wa jicho huonekana ndani ya mboni, nyuma ya konea iliyo angavu, ilhali huu uko kwenye konea yenyewe. Konea hupimwa kwanza upana, kwa kuwa ile inayozidi milimita 12 katika mwaka wa kwanza huelekeza kwenye glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya macho, ambao haiwezi kusubiri. Kisha, kwa kuwa weupe huziba njia ya mwanga, ultrasaundi hutumika kuona kama lenzi imegusana na konea: isipogusana, hiyo ni aina ya kwanza ya kasoro ya Peters, na ikigusana ni aina ya pili, ambayo matokeo ya kupandikiza konea huwa mabaya zaidi. Tofauti hiyo ina uzito kwa daktari mpasuaji kuliko jina la Peters lenyewe.

Embriotoksoni ya nyuma ikiwa peke yake hukutwa hata kwa watu wenye macho mazima, lakini ikiambatana na irisi iliyosinyaa, na hasa ngozi ya kitovu ikiwa imezidi, mtoto anahitaji kupimwa presha ya macho maisha yake yote, kwa kuwa hizo ni dalili za sindromu ya Axenfeld na Rieger, na takriban nusu ya wenye sindromu hiyo hupata glakoma. Mtoto mwenye aniridia ambaye hakuna mwingine katika familia aliyewahi kuwa nayo anahitaji kutazamwa figo mapema, kwa sababu kipande cha kromosomu ya 11 kinachopotea pamoja na PAX6 kinaweza kuwa kimebeba pia jeni ya WT1, ambayo kukosekana kwake hufungua njia ya saratani ya figo ya utotoni. Pasipokuwa na maabara ya jeni, ultrasaundi ya tumbo kila miezi mitatu inawezekana, mradi yule aliyeliona jicho ameandika kwamba irisi haipo.