Kompyuta Inapotazama Jino Lako

Leo tunazungumza na vijana wanaosomea udaktari wa meno, na pia nawe mwenye jino linalouma.

Bila shaka umesikia habari za akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba. Je, inafanyaje kazi katika meno? Kompyuta huonyeshwa maelfu ya picha za eksirei ambazo madaktari wa meno wameshazitia alama: hapa jino limetoboka, hapa mfupa umeliwa. Baada ya kuona picha nyingi, programu huanza kuonyesha yenyewe mahali panapofanana na hapo. Haijui maumivu, inajua mfanano tu.

Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa, zikiwemo Uturuki na Saudi Arabia, umeonyesha kwamba wanafunzi wengi wa meno wameisikia teknolojia hii na wanaitarajia mema, lakini wachache wamefundishwa darasani. Kukiamini chombo usichokijua ni hatari.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Zamani ilikuwa desturi ya Waluo kuwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini, na wako wazee ambao bado wana pengo hilo. Programu iliyofundishwa kwa picha za watu wa mbali huenda haijawahi kuona kinywa kama hicho. Daktari atauliza, "Mzee, meno haya yalitokaje?" Ataelezwa, naye ataelewa.

Kwa hiyo mwanafunzi, uwe unasoma Nairobi, Eldoret au katika chuo cha KMTC, uliza maswali matatu. Kwanza, programu hii ilifundishwa kwa picha za nani? Pili, ikikosea, ni nani atakayewajibika? Kumbuka, anayeshika koleo ni wewe, na jino likishang'olewa halirudi. Tatu, picha ya mgonjwa inahifadhiwa wapi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Nawe msikilizaji, usipige jino picha kwa simu, ukaiuliza simu dawa, kisha ukakimbilia kununua antibayotiki. Maumivu yanaweza kutulia kwa muda huku ugonjwa ukibaki kwenye mzizi. Taya likivimba, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na umwone daktari wa meno kabla jino halijauma. Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema.