Vanishi Haitibu Mbao Iliyooza

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya lile gari lenye mbao ambalo wanafunzi wamelizunguka tangu asubuhi. Ni Morris Minor Traveller, nililorithi kwa marehemu baba mdogo. Magari haya yaliundwa Uingereza tangu mwaka 1953 hadi 1971.

Wengi hudhani mbao zile ni pambo. Sivyo. Sehemu yote ya nyuma imejengwa kwa fremu ya mti uitwao ash; mabati ya ubavuni, paa na vioo vyote vinashikwa nayo. Mbao zikioza, gari limevunjika mgongo. Huko Uingereza gari la namna hiyo likipelekwa kwenye ukaguzi wa usalama laweza kukataliwa.

Adui wa kwanza ni maji, ambayo hutuama katika mifereji ya vioo na kwenye mbao za chini. Adui wa pili ni jua. Hulo huipasua vanishi, maji yakapenya, na mbao ikaanza kuwa nyeusi.

Fundi mmoja alinishauri nipake vanishi mpya juu ya ile kuukuu, gari ling'ae kwa fedha kidogo. Nilikataa. Nilichukua bisibisi nikadunga mbao polepole. Palipokuwa pagumu tulipaacha. Palipobonyea tulipakata, tukaunga mbao mpya. Kisha tulikwangua vanishi yote, tukapiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao. Madoa meusi tuliyatoa kwa asidi ya oksaliki, mikono ikiwa ndani ya glavu, tukasuuza, tukangoja mbao zikauke kabisa.

Ikafuata vanishi ya mashua. Mkono wa kwanza ulikuwa mwepesi, umechanganywa na tapentaini ili mbao iunywe. Halafu mikono mitano, na kati ya mmoja na mwingine msasa laini. Ncha za mbao zilipakwa zaidi, maana ndizo zinywazo maji upesi. Vitundu vya kutolea maji viliachwa wazi.

Hata sasa, mkwaruzo mdogo naupaka mara niuonapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vijana, baadhi yenu mtakabidhiwa majengo na magari ya umma. Mtaambiwa mpake rangi upesi kabla mgeni hajafika. Chukueni bisibisi kwanza.