Mavazi ya Karani Kipupwe Kinapokwisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora, mwisho wa mwezi wa Agosti.)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba niseme juu ya mavazi ya karani, nilidhani amekosea anwani, maana sijapata kusifiwa na mtu kwa uvaaji wangu. Akanijibu kwamba ndiyo sababu hasa ya kunichagua: wanachama vijana wataka kumsikia mtu aliyepata hasara. Basi nitasema juu ya hasara hiyo, na juu ya mitumba, na juu ya majira haya ambayo kila mwaka humkuta karani wa Tabora hana nguo ifaayo.

Hali ya hewa ya mji huu twaijua sote. Tumekaa juu ya uwanda wa karibu mita 1,200, na katika Juni na Julai aendeshaye baiskeli alfajiri kutoka Ng'ambo hufika kazini vidole vimekufa ganzi. Mwisho wa Agosti baridi hukatika. Septemba na Oktoba ni joto kavu na vumbi; kisha Novemba mvua huingia, nazo hutukalia mpaka Aprili. Aliyenunua sweta zito Julai, Oktoba hulitazama kwa uchungu; na aliyenunua suruali nyeupe Oktoba, Novemba tope jekundu humrukia mpaka magotini. Si kwamba hana nguo. Anazo, lakini zote ni za mwezi uliopita.

Sasa, neno hili mtumba si geni kwetu. Lilipita hapa kabla ya reli kufika mwaka 1912. Katika siku za misafara mtumba ulikuwa mzigo wa nguo aliouchukua mpagazi begani kutoka Bagamoyo, akapita Ugogo, akafika Unyanyembe, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Uzito wake aghalabu ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo kwa hesabu ya leo ni kama kilo 32. Ndani yake ilikuwamo merikani, ambayo jina lake lasema ilikotoka, na kaniki ya Bara Hindi iliyotiwa nili. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia: shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili, kwa doti watu walinunua chakula, walilipa hongo, na kumpa mpagazi ujira wake.

Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi wa Novemba 1857, aliandika jambo moja juu ya wapagazi wa Kinyamwezi ambalo silisahau. Asema mvua iliponyesha mpagazi alivua ngozi yake ya mbuzi, akaikunja, akaiweka kati ya bega na mzigo, akaenda na mvua ikimpiga mwilini. Huenda msomaji wa Ulaya alicheka. Mimi sicheki. Mwili hukauka kwa muda mchache. Ngozi ikilowa huharibika, na mtu yule alikuwa na vazi moja tu, na safari ingali mbele yake.

Mtumba wa leo wapita mzigo wa mpagazi, kwa maana belo la kilo 45 ndilo la kawaida sokoni. Latoka Ulaya, au Marekani, au Uchina. Huko katika nchi za baridi kali, majira ya theluji yakiisha mwezi wa Machi, watu hufungua makabati yao na kutoa makoti wasiyoyataka tena. Nasi huyakuta baadaye juu ya meza zetu, makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji, yakitundikwa chini ya mwembe katika joto la Oktoba. Muuzaji hana kosa. Yeye hununua belo aliloliweza kwa fedha yake, wala hajui kwa hakika litatoa nini mpaka akate kamba. Lakini mnunuzi mwenye akili yafaa ajue jambo moja: bei ya sweta hushuka siku zile watu waachapo kulihitaji. Siku zenyewe ndizo hizi. Na shati jepesi la pamba lataka kutafutwa Juni, wakati wenzako wote wamejikunyata mbele ya meza ya masweta.

Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza kama si aibu kwa mtumishi wa Serikali kuvaa nguo zilizotupwa na watu wengine. Alilitumia lile jina la zamani, kafa ulaya, kama kwamba kila koti limevuliwa maiti. Namheshimu mzee, na sehemu moja ya neno lake naikubali. Pamba hulimwa hapa hapa mkoani, Igunga na Nzega. Na kumwona mkulima wa pamba akivaa shati lililochakazwa na mtu wa nchi ya mbali ni jambo la kutia mawazo. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 tumaini lilikuwa kwamba tutajivika wenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikaonya juu ya ushuru, na mwaka 2018 Rwanda, iliyoshikilia neno lake, ikaondolewa ruhusa ya kuuza nguo zake kule bila ushuru. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi nyuma. Hayo ni mashauri ya wakubwa, nami siwezi kuyamaliza katika jioni moja. Lakini karani wa daraja la chini hatangoja yamalizwe ndipo avae. Waraka wa Serikali wa mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi wa umma wamtaka avae kwa heshima. Hauulizi nguo ameipata wapi.

Nami nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuikimbia aibu hiyo, na sasa nitawasimulia ilinipeleka wapi.

Nilipopata kazi yangu ya kwanza, katika ofisi ambayo sitaitaja, ilikuwa Agosti kama sasa. Nilikopa dukani suti mpya ya sufu, nyeusi, yenye bitana nzito, nikaandikiana na mwenye duka kulipa kwa miezi sita. Siku ya kuripoti nilipendeza, hilo silikatai. Kufika Oktoba nilikuwa nikiketi katika chumba cha majalada chenye dirisha moja, jasho likinitoka hata likadondokea karatasi, wala sikuthubutu kuvua koti, kwa sababu shati la ndani lilikuwa moja na kola yake imechanika. Novemba mvua ilinikuta njiani. Sufu ikanywea, mikono ya koti ikapanda juu ya vifundo, na deni likabaki vile vile.

Mwezi wa Desemba habari ikaja kutoka nyumbani, upande wa Sikonge, kwamba mama ni mgonjwa, apelekwe hospitali, na wanangoja fedha yangu. Sikuwa nayo. Mshahara ulikuwa umekwisha kuingia dukani. Dada yangu, ambaye ni fundi wa kushona, aliuza cherehani yake. Mama akapona, alhamdulillahi. Cherehani ile haikurudi, na mimi nilichukua miaka mitatu kumnunulia nyingine. Na katika miaka hiyo yote dada hakunitamkia neno juu ya suti. Afadhali angalinitukana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kununua mtumba. Nguo, asema, kwanza igeuzwe ndani nje, kwa maana nje ni uso wa kuuzia. Tazama kwapani, tazama kola, tazama makalio ya suruali ukiielekeza kwenye mwanga. Palipochakaa patapenya nuru. Ukingo wa mshono ukiwa mpana, fundi aweza kuipanua; ukiwa mwembamba, nguo hiyo imekwisha sema neno lake la mwisho. Kisha, kabla hujalipa, jumlisha ujira wa fundi katika bei. Wengi hununua koti kwa bei ndogo na kulivaa hivyo hivyo, mabega yakining'inia kama ya mtu mwingine, na hapo ndipo watu hutambua mtumba. Koti lililopunguzwa mabega na kubadilishwa vifungo vyote halina kabila.

Na koti la theluji nalo lina dawa yake: mwambie fundi atoe bitana. Koti la sufu nyembamba lisilo bitana lavaliwa Tabora karibu mwaka mzima. Chini yake, asubuhi za baridi, vaa sweta lisilo na mikono, ambalo saa nne laweza kuvuliwa na kutiwa katika mkoba pasipo mtu kujua. Mimi nina suruali mbili, ya kijivu na ya buluu nzito, na mashati manne, na kila shati lakubaliana na kila suruali; hesabu yake yanipa mavazi manane, nami sijawahi kulipa hata moja kwa mkopo. Rangi ya kijivu ina fadhila nyingine, haionyeshi vumbi la Septemba, na tope la Novemba likikauka lapigwa brashi likatoka.

Mabibi makarani katika jambo hili wametushinda. Wao huchukua sketi ya mtumba na blauzi ya kitenge kipya iliyoshonwa hapa hapa, na hawana habari ya jina lililoandikwa shingoni.

Nguo za ndani zinunuliwe mpya. Hata Shirika la Viwango limekataza kuuza zilizovaliwa. Nyingine zifuliwe kwa maji ya moto, na wakati wa mvua zipigwe pasi pande zote mbili, kwa ajili ya yule inzi atagaye mayai katika nguo mbichi. Masweta mtakayonunua sasa yafueni, yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa, mkayalaze sandukuni na majani makavu ya mwarobaini mpaka Juni.

Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijaketi. Kila mwaka vijana huletwa mkoani kuanza kazi, na kati ya siku ya kuripoti na mshahara wa kwanza ndipo maduka huwapata. Naomba Chama kiwe na sanduku. Mwanachama mwenye koti au viatu asivyovivaa avilete, na kijana aazime mpaka apate mshahara wake, kisha arudishe vikiwa vimefuliwa. Koti langu ni hili hapa mezani, la kijivu, limetolewa bitana. Lamfaa mtu wa kimo changu asiye na kitambi. Ufunguo nashauri ukae kwa Mtunza Hazina.