SUFURIA LA WAZEE: MANENO YA UONGOZI WA TAWI LA FUMBA

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana. Kwa ambao hawakuwahi kufika barazani, haya ndiyo tuliyoyasema.

Mzee akifariki hapa kwetu, hakuna anayesubiri kuombwa. Masufuria yanatolewa, kuni zinaletwa, mchele unachangwa, na siku ya hitima watu wanakula wakashiba. Mzee huyo huyo alipokuwa hai, siku ngapi alishinda na chai ya rangi?

Wapo wanaosema pencheni jamii inatosha. Tunaishukuru. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hiyo 50,000 ukiigawa kwa siku 30, haifiki 1,700 kwa siku. Tena pesa haichoti maji wala haiwashi jiko. Siku za bamvua kina mama wako kwenye mwani, vijana wako kazini mjini, na nyumbani anabaki bibi na sufuria asiloweza kuliinua.

Kwa hiyo tumekubaliana:

1. Tuanze na siku za bamvua, chakula kimoja cha mchana.

2. Masufuria ya shughuli yapo. Wanaume mnaopika hitima, kazi ni ile ile. Wenye vyombo tunawaomba fungu la samaki, wenye mashamba muhogo na ndizi.

3. Chumvi na mafuta kidogo, kwani wengi wana presha na kisukari. Muhogo ulainike, samaki atolewe miba.

4. Anayeweza kutembea aje ale na wenzake. Asiyeweza, kijana ampelekee kikiwa moto, akae naye mpaka amalize.

5. Hapaulizwi kadi. Hatuvai fulana za chama, hatupigi picha. Wakubwa wetu wanakumbuka miaka ya baada ya uchaguzi wa 1995, watu walisusiana hata maziko. Sufuria hili lisitugawe. Mzee wa chama chengine ni mzee wetu.

Unayemjua mzee asiye na wa kumpikia, mwambie katibu wa tawi kabla ya Ijumaa. Usiandike jina lake humu kwenye grupu. Tulinde heshima yake.

Tusingoje hitima ndipo tumpikie.

Wabillahi tawfiq.