Wafumaji Waliolitwaa Kombe

Leo nataka tuzungumzie klabu ambayo hata wengi wanaokesha wakifuatilia kandanda ya Uingereza hawajapata kulisikia jina lake: Blackburn Olympic.

Ilizaliwa mwaka 1878 huko Blackburn, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Wachezaji wake wengi walikuwa watu wa jasho, wakiwemo wafumaji na fundi bomba. Siku hizo Kombe la FA lilikuwa kama mali ya mabwana wa kusini, waliosoma shule za ada kubwa na kucheza mpira kwa kujistarehesha tu.

Tarehe 31 Machi 1883, Olympic iliingia Kennington Oval, London, kupambana na Old Etonians waliokuwa wakilishikilia kombe. Kabla ya hapo wachezaji walipiga kambi ufukweni Blackpool, chini ya Jack Hunter, kwa fedha za Sydney Yates, mwenye kiwanda cha chuma. Wakubwa walinuna: mchezo wa waungwana utafanyiwaje kambi? Mimi sioni kosa. Mfumaji asipokwenda kiwandani hapati ujira. Bwana mwenye mali ya urithi anaweza kucheza apendavyo na jioni akakikuta chakula mezani.

Etonians walitangulia kufunga. Arthur Matthews akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Jimmy Costley, msokota nyuzi, akatia la pili. Mabao 2-1! Tangu siku hiyo hakuna timu ya ridhaa iliyolitwaa tena kombe hilo.

Mwaka 1885 FA ikaruhusu wachezaji walipwe. Ungedhani Olympic ndiyo itakayoneemeka. Wapi! Mji uleule ulikuwa na klabu nyingine, Blackburn Rovers, yenye mfuko mnono na mashabiki wengi zaidi, nayo ilikuwa ikilibeba kombe mara tatu mfululizo, 1884 hadi 1886. Mishahara ilipopanda, Olympic haikuweza kushindana na jirani. Ligi ilipoanzishwa mwaka 1888 kwa klabu 12, Rovers ikaitwa, Olympic ikaachwa nje. Mwaka 1889 ikavunjwa, miaka sita tu baada ya ushindi ule wa London.

Uwanja wake uliitwa Hole-i'-th'-Wall, jina la baa iliyokuwa jirani. Mahali hapo baadaye palijengwa chuo. Rovers wangali wanacheza.